Altezza na Subaru za Zamani: Cha Kubadilisha Kabla Hakijakufa

Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, magari ya mjini hapa yameongezeka, na miongoni mwake yapo yale ambayo vijana wengi wanayaota: Toyota Altezza, Subaru Impreza WRX, Forester ya turbo (kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini). Yana mbio, yana sauti, yanashika barabara, na siku hizi bei ya kuyanunua si ya kutisha kwa sababu yamezeeka. Altezza ilitengenezwa kuanzia 1998 hadi 2005, kwa hiyo hata ile ya mwisho kutoka kiwandani imetimiza miaka 20. Impreza za umbo la 2000 hadi 2007 ziko kwenye rika hilohilo.

Ukikaa kijiweni utasikia mambo mawili yanayopingana. Huyu anasema Subaru ni ugonjwa, ukiinunua umejitangazia ufukara. Yule analalamika kwamba gari lake halijawahi kukosa servisi, kila kilomita 5,000 anamwaga oili, lakini injini imekufa pale Gairo akiwa njiani kwenda Dar es Salaam. Wote wawili wamekwama kwenye jambo moja: servisi na matengenezo ya kinga vimechanganywa vikawa kitu kimoja.

Servisi ni kubadilisha vile vinavyochafuka kwa matumizi: oili, filta, plagi. Ukarabati ni kurekebisha kilichoharibika. Matengenezo ya kinga yako katikati: ni kuondoa kifaa ambacho bado kinafanya kazi, kwa sababu umri wake umefika na kikifa kitaondoka na vingine. Hapo ndipo pagumu kwa mwenye gari. Fundi anakwambia utoe pesa kwa kitu kizima, kisichopiga kelele, kisichovuja. Unaona kama unaibiwa. Lakini gari la spoti lenye miaka 20 linalindwa hivyo hasa, na sababu zake zinaeleweka ukizifuata moja baada ya nyingine.

Kwa nini gari la spoti halisamehe

Chukua injini ya 3S-GE iliyomo kwenye Altezza RS200. Ina ukubwa wa lita 2, haina turbo, na ile ya gia za mkono ilitoka kiwandani ikiwa na nguvu za farasi 210 kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika. Ndugu yake wa kawaida, 3S-FE, mwenye ukubwa uleule, alitoa karibu 135 hadi 140. EJ20 ya turbo, injini ya Subaru iliyomo kwenye WRX ya miaka hiyo, ilifika 250. Nguvu hiyo ya ziada imetokana na mgandamizo mkubwa zaidi, joto zaidi na mizunguko ya kasi zaidi. Kwenye 3S-FE, rejeta iliyoziba robo unaweza kuishi nayo mwaka mzima bila kujua. Kwenye EJ20 ya turbo, robo hiyohiyo ndiyo akiba yote uliyokuwa nayo unapopanda mlima mchana.

Jambo la pili ni umri. Watu wamezoea kuhesabu kilomita. Chuma huchakaa kwa kilomita, ni kweli, lakini mpira, plastiki na vimiminika huzeeka kwa kalenda hata gari likilala. Gari lililokaa Japani miaka 15, likatembea kilomita 70,000, lina mipira ya miaka 15. Tena kilomita za kwenye dashibodi hazina uhakika, kwa kuwa kuzirudisha nyuma ni kazi ya dakika chache. Kwa hiyo swali la kwanza kwa gari kuukuu liwe hivi: kifaa hiki kilibadilishwa mwaka gani? Kama hakuna risiti wala maandishi, chukulia kwamba hakijabadilishwa kamwe.

Kisha panga kwa uzito wa madhara. Vya kwanza ni vile ambavyo vikifa vinaua injini au mtu: mkanda wa taimingi, mfumo wa kupoza, oili, breki, matairi, boljointi (viungo vinavyoshikilia magurudumu). Vinavyokuacha barabarani bila kuharibu kitu, kama alternata na pampu ya mafuta, vinafuata. Vya kelele na starehe vije mwisho. Wamiliki wengi huanza na rimu, bodikiti na eksozi. Kupendeza kwa gari si kosa, ila pesa ya rimu mpya inatosha kununua vifaa vya taimingi, na rimu hazijawahi kuokoa vali.

Mkanda wa taimingi

Huu ni mkanda wa mpira wenye meno, ulioimarishwa kwa nyuzi, unaounganisha kranki (shafti inayozungushwa na pistoni) na kemshafti (shafti inayosukuma vali) ili vali zifunguke na kufunga kwa wakati wake. Kwenye 3S-GE na EJ20 za turbo, pistoni na vali hutumia nafasi ileile kwa zamu. Mkanda ukikatika au ukiruka meno kadhaa, pistoni inakutana na vali iliyo wazi. Vali zinapinda, wakati mwingine pistoni inatoboka, na silinda hedi, kichwa cha injini, inashushwa. Mkanda hautoi onyo: injini inanguruma vizuri sekunde hii, sekunde inayofuata imezima.

Muda unaotajwa kwa injini hizi huko Japani ni kilomita 100,000. Kwa gari la umri huu, weka na kikomo cha miaka: mkanda ukifika miaka 7 hadi 10 utolewe, hata kama umetembea kilomita 40,000 tu. Vumbi letu na oili inayovuja kutoka kwenye sili za kemshafti huufupisha zaidi, kwa maana mpira uliolowa oili hulainika na kupoteza meno.

Kosa linaloua injini nyingi ni kubadilisha mkanda peke yake. Mara nyingi mkanda hauchoki wenyewe. Beringi ya puli ndogo inayouongoza hukauka grisi, inakwama, na mkanda unakwanguliwa hadi unakatika. Au tenshona ya haidroliki, inayoukaza mkanda, inalegea na mkanda unaruka meno. Kwa hiyo kazi hii inafanywa kwa seti: mkanda, tenshona, puli zote, wota pampu, themostati, na sili za kranki na kemshafti. Wota pampu imo kwa sababu kwenye EJ20 na 3S-GE inazungushwa na mkanda huohuo. Ikivuja au beringi yake ikifa baada ya miezi sita, utalipa ufundi uleule mara ya pili. Puli ya mtumba usiikubali, hata ikizunguka vizuri mkononi. Izungushe kwa kidole: ikizunguka muda mrefu bila kusita, kama yoyo, grisi yake imeisha.

Fundi akimaliza kufunga, kabla ya kupiga stata, azungushe kranki kwa spana mizunguko miwili kamili kwa mkono, kisha aangalie kama alama zote zimerudi mahali pake. Ikigoma katikati, asilazimishe. Omba uwepo wakati wa hatua hii. Inachukua dakika tano.

Maji ya Dodoma na rejeta yako

Sehemu kubwa ya maji ya mji huu hutoka kwenye visima virefu vya bonde la Makutupora, kule Mzakwe, na mitaani wengi wana visima vyao. Ni maji yenye madini na chumvi nyingi. Tazama ndani ya birika la nyumbani: ule ukoko mweupe unaong'ang'ania chini ndio unaojijenga kwenye mirija ya rejeta, ambayo ni myembamba kuliko mrija wa soda. Birika utalisugua. Mirija ya rejeta haisuguliki, na chumvi hiyo hula pia alumini ya silinda hedi na mapezi ya wota pampu.

Ndiyo maana usemi kwamba kulanti, kile kimiminika cha kupozea injini, ni ya nchi za baridi umegharimu watu injini. Kuzuia barafu ni kazi yake mojawapo tu. Kulanti inapandisha kiwango cha kuchemka, inazuia kutu na ulikaji wa alumini, na inalainisha sili ya wota pampu. Mchanganyiko unaofaa ni nusu kwa nusu, kulanti nzito na maji yaliyochujwa kwa mvuke, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri. Ukinunua iliyokwisha kuchanganywa, usiiongeze maji tena. Kulanti ya kawaida ibadilishwe kila miaka miwili. Jihadhari na chupa za bei ya chini sana ambazo ndani yake kuna maji ya rangi. Zisizotaja kiasi cha glaikoli, kemikali kuu ya kulanti, ziache dukani. Na kumbuka kulanti ni sumu yenye ladha tamu: usiiache kwenye beseni uani mahali penye watoto, mbwa au kuku.

Kifuniko cha rejeta kinadharauliwa kuliko kifaa chochote kwenye gari. Dodoma iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,120 kutoka usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji ya kawaida huchemka kwenye nyuzi joto 96 hivi, si 100. Injini hizi hufanya kazi kwenye 85 hadi 95. Ungekuwa umebakiwa na nyuzi moja tu. Kinachookoa ni kifuniko: kikiwa kimeandikwa 0.9 hushikilia mgandamizo unaosogeza kuchemka hadi karibu 116, na kilichoandikwa 1.1 hadi karibu 120. Ukiweka kulanti nusu kwa nusu unaongeza nyuzi kadhaa juu yake. Lakini mpira wa kifuniko ukikauka au springi ikichoka, mgandamizo hauna wa kuuzuia, na maji yanaanza kuchemka kwenye joto ambalo injini huliona kila siku. Watu wamefungua silinda hedi, wakabadilisha gasketi, wakanunua rejeta, na ugonjwa ukabaki palepale kwa ajili ya kifuniko kilichopasuka mpira. Kibadilishe kila baada ya miaka mitatu, kwa namba ileile iliyoandikwa juu yake. Subaru ya turbo ina vifuniko viwili, kimoja kwenye rejeta na kingine kwenye tanki dogo juu ya injini. Havifanani, na kuvibadilishana nafasi kunaleta uchemshaji usioeleweka.

Sasa themostati. Gereji nyingi gari likichemsha huitoa na kuitupa, na mwenye gari huambiwa kwamba kwa joto la huku haihitajiki. Si kweli. Kwenye injini nyingi za Kijapani themostati ina sahani mbili. Ya juu inafungua njia ya rejeta, na ya chini, wakati huohuo, inaziba njia ya mkato inayorudisha maji ya moto ndani ya injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima: sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kupita kwenye rejeta. Ukipanda mlima na mzigo, gari linachemsha zaidi. Asubuhi nalo linachelewa kupata joto, kompyuta inadhani injini ni baridi na kuendelea kumwaga petroli ya ziada, inayoosha oili kwenye kuta za silinda. Malalamiko mengi ya kwamba Altezza inakunywa mafuta yanaanzia hapo.

Kuipima ni rahisi. Itumbukize kwenye sufuria ya maji kwa kuining'iniza na uzi, isiguse chini, pamoja na kipimajoto. Pasha taratibu. Themostati ya Toyota ya aina hii huanza kufunguka karibu na nyuzi 82, ya Subaru mapema kidogo, karibu 78. Ikifika 95 iwe imefunguka milimita 8 au zaidi. Inayofunguka kwa kuchelewa, nusunusu, au iliyo wazi ikiwa baridi, itupe na ununue mpya. Mpya zenyewe zipime kabla ya kufunga, maana feki ni nyingi.

Rejeta inatoa ishara ikiwa utaitazama. Tanki la plastiki la juu likiwa jeusi, bado lina maisha. Likianza kuwa la kahawia au kijani cha matope, plastiki imekauka na siku yoyote itapasuka kwenye mshono. Usingoje. Hozi zibonyeze injini ikiwa baridi: iliyo ngumu kama ubao au laini kama uji imekwisha. Hozi ya juu ikiwa imevimba na kukaza asubuhi kabla ya kuwasha gari, moshi wa silinda huenda unaingia kwenye maji, yaani gasketi ya silinda hedi inapitisha. Kuna kipimo cha dawa ya buluu kinachofungwa kwenye mdomo wa rejeta. Ikigeuka njano, una jibu bila kufungua injini.

Ukijaza maji kwenye Subaru, toa hewa. Injini yake imelala, hivyo hewa hujificha kwa urahisi. Inua pua ya gari, jaza polepole huku ukiminya hozi, washa hita kwenye joto la juu, acha injini iunguruke hadi feni ziwake na kuzima mara mbili, kisha ongeza. Na usiamini sana mshale wa joto kwenye dashibodi. Umetengenezwa kutulia katikati kwa joto la kuanzia chini hadi juu kidogo ya kawaida. Ukianza kupanda, umechelewa. Maji yakiisha kabisa, sensa inabaki hewani na mshale unaweza hata kushuka wakati injini inaungua. Ukiuona unapanda, simama, zima, subiri nusu saa au zaidi. Kifuniko kisifunguliwe kikiwa na moto, wala injini isimwagiwe maji baridi.

Oili na turbo

Namba kwenye galoni zinawachanganya wengi. Katika 5W-40, namba ya kwanza yenye W inaeleza jinsi oili inavyotiririka ikiwa baridi, na ya pili uzito wake ikiwa kwenye nyuzi 100, yaani injini ikiwa kazini. Kwa hiyo 5W-40 na 20W-40 zikiwa za moto zina uzito mmoja. Tofauti ni asubuhi.

Imani kwamba gari kuukuu lazima linywe 20W-50 imetoka kwenye malori na injini za zamani zilizolegea. Altezza na Subaru za miaka hii zina mfumo unaobadilisha taimingi ya vali kwa nguvu ya oili inayopita kwenye vitundu vyembamba. Oili nzito inachelewa kufika huko, na inachelewa kufika kwenye turbo unapowasha. Tumia 5W-40 au 10W-40 ya sintetiki kamili kwa turbo. Kwa Altezza isiyokula oili hata 5W-30 inafaa. Anayeweka 20W-50 ili kunyamazisha mlio amefunika ugonjwa. Injini inayoanza kunoki, yaani kugonga ndani, inahitaji kufunguliwa.

Kwa turbo, badilisha oili kila kilomita 5,000 au miezi sita, kitakachotangulia. Injini hizi huchukua kati ya lita 4 na 5 pamoja na filta. Soma kiasi halisi kwenye kitabu cha injini yako, kisha hakikisha kwa dipstiki gari likiwa mahali tambarare. Pima kila wiki. Kutoka alama ya chini hadi ya juu kwenye EJ20 ni karibu lita moja, na injini hizi huweza kunywa oili kimyakimya bila moshi. Subaru nyingi zilizonoki zimekufa kwa oili kupungua kati ya servisi na servisi, huku mwenye gari akihesabu kilomita kwa uaminifu kabisa. Taa nyekundu ya oili inawaka mgandamizo ukishaanguka; usiifanye kuwa kipimo cha kiasi.

Kuna kitu kidogo ambacho mafundi wengi hawakigusi. Kwenye baadhi ya EJ za turbo, bomba linalopeleka oili kwenye turbo limefungwa kwa bolti yenye tundu, na ndani ya bolti hiyo kuna chujio la wavu, dogo kama ncha ya kidole cha mtoto. Oili iliyochelewa kubadilishwa inaganda na kuliziba. Turbo inakosa oili, beringi zake zinakwisha, na vipande vya chuma vinashuka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) na kuelekea kwenye kranki. Ukinunua Subaru ya turbo isiyo na historia, bolti hiyo ifunguliwe, wavu usafishwe au ubadilishwe, na washa zake za shaba zifungwe mpya.

Kuhusu kungoja kabla ya kuzima: turbo hizi zinapozwa pia kwa maji, hivyo dakika kumi za kuunguruma hazina faida. Ukitoka Morogoro kwa kasi, mwendo wa taratibu kuanzia Ihumwa kuingia mjini umeshaipoza. Ukisimama ghafla kujaza mafuta Kibaigwa, iache dakika moja au mbili.

Vumbi

Kiangazi cha Dodoma ni kirefu, kuanzia Mei hadi Novemba, na upepo hauna simile. Filta ya hewa ya karatasi iangaliwe kila kilomita 5,000 na ibadilishwe ikifika 10,000 kama unapita barabara za vumbi kama za Nkuhungu au Nzuguni. Kuipuliza kwa kompresa yenye nguvu kunatoboa karatasi matundu yasiyoonekana. Ukilazimika, puliza kutoka ndani kwenda nje, kwa upepo mdogo.

Zile filta za koni zinazofungwa wazi ndani ya boneti, kwa ushauri wangu ziachwe dukani. Zinanyonya hewa ya moto kutoka kwenye injini, na nyingi za bei nafuu zinapitisha mchanga mwembamba unaokula mapezi ya turbo na pete za pistoni. Zinazopakwa mafuta huchafua sensa ya hewa, gari likaanza kusitasita na kunywa mafuta. Sensa hiyo husafishwa kwa dawa yake maalumu, bila kuigusa. Petroli na dawa ya breki huiua.

Petroli nayo iguswe kidogo. Injini hizi zilipangwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, yenye oktani (kipimo cha petroli kustahimili mgandamizo bila kujilipukia) karibu 98 hadi 100. Ukitia yenye oktani ndogo kuliko hiyo, kompyuta hujirekebisha kwa kuchelewesha cheche ya plagi, ukapoteza nguvu kidogo. Mwinuko wetu unaisaidia Altezza, kwa kuwa hewa nyembamba hupunguza mgandamizo; turbo inajaziliza hewa yenyewe, haipati nafuu kiasi hicho. Kwa hiyo kupandisha busti, yaani mgandamizo wa hewa ya turbo, kwa petroli ya hapa ni kutafuta pistoni iliyotoboka.

Kusimama na kushika barabara

Mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205 au zaidi, lakini yakishanyonya maji kiwango kinaweza kushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Ukishuka Mlima Nyang'oro kutoka Iringa kuja Mtera huku umekanyaga breki, maji yaliyomo yanageuka mvuke, mvuke unabonyea, na pedali inazama hadi chini ilhali pedi ni mpya. Badilisha mafuta yote kila miaka miwili, kwa DOT 4, na ushuke kwa gia. Usiongeze mafuta ya stelingi humo hata tone: yanavimbisha mipira yote ya mfumo.

Tairi lina tarehe. Tafuta neno DOT ubavuni, kisha tarakimu nne za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likipita miaka 6 likaguliwe kila mwaka, likifika 10 litoke hata kama kashata zimejaa. Wengi hupunguza upepo wakati wa joto kwa kuogopa tairi kupasuka. Ni kinyume. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja zaidi kila linapozunguka, linazalisha joto lake lenyewe, na ndilo linalopasuka saa nane mchana kwenye lami ya Kongwa. Pima asubuhi kabla ya kutembea, kwa namba za kwenye stika ya mlango wa dereva, na usitoe upepo uliopanda njiani.

Kwa Subaru kuna sharti la ziada. Magurudumu yote manne yanavuta kwa pamoja, hivyo matairi lazima yawe ya saizi moja na uchakavu mmoja. Mzunguko usitofautiane zaidi ya milimita 6 hivi. Tairi moja jipya kati ya matatu yaliyolika linaifanya difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, ifanye kazi muda wote hadi iungue.

Altezza inajulikana kwa boljointi za chini za mbele. Zikichomoka, gurudumu linalala. Inua gari, weka nondo chini ya tairi na unyanyue. Ukisikia mchezo au mlio wa tok, badilisha zote mbili. Bushi zilizopasuka zifuatie, na alaimenti baada yake.

Vilivyobaki havina maneno mengi. Oili ya giaboksi na difu kila kilomita 40,000. Plagi za iridiamu hufika 100,000 zikiwa halisi, za kawaida 20,000. Betri iongezewe maji ya betri tu, kamwe si ya kisima. Tanki lisishuke chini ya robo, kwa kuwa pampu iliyo ndani hupozwa na petroli inayoizunguka.

Ukiwa umenunua gari lisilo na maandishi, wiki ya kwanza badilisha oili na filta, mafuta ya breki, kulanti na kifuniko, soma tarehe za matairi, kagua boljointi. Mwezi huo au unaofuata fanya seti ya taimingi, na kabla ya hapo usilipeleke safari ndefu wala kuizungusha injini juu ya mizunguko 5,000 kwa dakika. Andika kwenye daftari la kwenye dashibodi tarehe, kilomita na jina la kifaa kwa kila kazi, na risiti uzibane humo humo.

Kwa wale wanaolilaza gari wiki kadhaa wakiwa safarini: kuliwasha dakika tano kila Jumamosi hakulisaidii. Maji yanayotokana na uchomaji yanabaki kwenye oili na eksozi, na betri inapoteza zaidi ya inachopata. Ama mtu aliendeshe dakika 20 hadi 30 mpaka oili ipate joto, ama lilale kabisa, waya hasi wa betri umechomolewa, tanki limejaa, matairi yameongezwa upepo kidogo, hendibreki imeachiwa na magurudumu yamezuiwa kwa mawe.